Shahidi Niliyempeleka Kuona Roketi

Mwanangu wa kwanza aliitwa mwongo mbele za watu, nyumbani kwa shemeji yangu, siku ya pili ya Krismasi. Mimi nilikuwepo, nimeshika kibuyu, nawamiminia wazee pombe. Naanzia hapo kwa sababu wajukuu zangu wakiomba niwasimulie habari hizi hupenda nianze na roketi. Roketi ilikuja baadaye. Kwanza lilikuja tusi.

Ilikuwa miaka ya sabini, mpaka wa Kenya haujafungwa bado. Sisi tuliishi pale pale ninapoishi sasa, kwenye mteremko wa juu ya Karatu, ambako ukimaliza mashamba unaingia msitu wa Ngorongoro. Kijana wangu alikuwa ameondoka miaka kadhaa nyuma kufuata kazi bandarini Mombasa. Huko akajifunza kuchomelea vyuma, na kutoka Mombasa akachukuliwa kwenda Malindi. Krismasi ile alirudi nyumbani kwa mara ya kwanza, na shati jipya, na alama za moto mikononi. Alikuwa amerudi kwa jambo moja, kumposa binti wa jirani yetu, mtu ambaye uzio wake uko kando ya njia kuu ya kushukia mnadani. Tulishazungumza na baba wa yule binti na alikuwa ameitikia vizuri.

Sasa wazee walimwuliza kijana kazi yake. Angesema bandari yangeisha. Lakini nilimlea kusema kama mambo yalivyo, akasema kama yalivyo.

"Nafanya kazi baharini, baba zangu. Kuna chombo cha chuma kimesimama ndani ya maji kwa miguu yake. Juu yake Wazungu wanarusha roketi inakwenda angani. Mimi natengeneza pale inaposimama."

Kisha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye neno lake ndilo lilikuwa neno la mwisho katika ukoo, akaweka kikombe chini.

"Chuma kimesimama ndani ya maji."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Jembe likianguka mtoni linafanya nini?"

"Linazama."

"Hili la kwako halizami. Tena kutoka humo humo ndani ya maji kunatoka moto."

"Ndiyo."

"Kijana, umelewa pombe yangu au ulikuja umelewa ya Mombasa?"

Wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Mume wangu hakucheka, lakini hakusema kitu pia, na hilo nililiweka moyoni muda mrefu kuliko kicheko chenyewe. Kijana akajaribu kueleza. Shemeji akanyoosha mkono akamnyamazisha, akasema, "Mtoto wa ndugu yangu amekuwa mwongo. Tusimuulize tena, tutamwongezea dhambi." Kesho yake watoto wachungaji wa njia nzima walikuwa wanamwita Bwana Mwezi, maana roketi walizozisikia redioni zilikwenda mwezini.

Haikupita wiki, baba wa binti akaja kwetu, akakaa mlangoni, hakutaka hata kuingia. Akasema hana ugomvi na sisi, ila binti yake hampeleki kwa mtu wa hadithi. "Mwenye kusema uongo kuhusu kazi yake," akasema, "atasema uongo kuhusu chakula." Kijana akaondoka asubuhi hiyo hiyo kurudi Malindi. Hakumuaga baba yake mkubwa. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani, na aliponiambia, "Mama, nisamehe kwa aibu," nilimjibu kwamba aibu si yake na asirudie kusema hivyo mbele yangu.

Nilikaa na jambo hilo miezi yote ya kilimo. Sikulia. Nililima. Na nikiwa nalima nikapata njia, tena nikaipata kwa shemeji mwenyewe.

Lazima nieleze desturi yetu moja. Kwetu ng'ombe wa mtu akiingia shamba la mwenzake, hakuna kesi ya maneno tu. Mwenye shamba na mwenye ng'ombe wanakwenda wote wawili, na mzee mmoja, wanatembea ndani ya shamba, wanatazama nyayo na mabua yaliyovunjika. Tunasema wamekwenda kukanyaga shamba. Asiyekanyaga hana la kusema. Na katika eneo letu lote hakuna aliyeishikilia desturi hiyo kama shemeji yangu. Mtu akija kwake na malalamiko, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmekanyaga?" Kama hawajakanyaga, anawafukuza.

Basi siku moja ya kiangazi, kijana aliponiletea habari kwa mkono wa dereva kwamba roketi nyingine itarushwa mwezi wa kumi, na kwamba nikitaka kuja kuiona nije, nauli atatuma, nilifunga kanga yangu vizuri nikapanda kwa shemeji. Nilimkuta anashona katambuga zake, zile ndala za tairi, mkewe anapepeta mtama.

"Shemeji, nimekuja na malalamiko."

"Sema."

"Ulisema mwanangu ni mwongo."

"Nilisema."

"Mmekanyaga?"

Akainua macho. Mkewe akaacha kupepeta.

"Kukanyaga nini? Bahari?"

"Ndiyo. Wewe umemhukumu mtu na hukuona shamba. Mwezi wa kumi watarusha nyingine. Mimi nakwenda. Nataka na wewe uende, uone kwa macho yako. Kama hakuna kitu, nitasimama mbele ya wazee niseme nilizaa mwongo. Kama kipo, utajua mwenyewe la kufanya."

"Watu wanatafuta unga," akasema, "wewe unatafuta kurusha vyuma." Na kweli, mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mvua ilikuwa imetunyima, tulikuwa tunakula ule unga wa njano wa kuletwa na meli, watoto wanaulalamikia, na yeye mwenyewe alikuwa amepeleka ng'ombe wake kwa rafiki yake Mmasai huko Nainokanoka, kwenye majani. Alipita nao msituni peke yake, na nyati wamejaa, hakuogopa. Lakini nilimwona siku hiyo anatafuta sababu.

Mkewe ndiye aliyemmaliza. "Mzee, mwambie tu unaogopa basi. Mimi sitamwambia mtu."

"Nani anaogopa?"

"Aliyeshona kiatu kimoja mara mbili tangu huyu aingie."

Akatazama kiatu. Ilikuwa kweli. Akasema, "Nitakwenda. Lakini sitasema nilichokisikia. Nitasema nilichokiona tu."

"Hicho ndicho ninachokitaka," nikamwambia.

Mume wangu niliporudi na habari hiyo aliniambia, "Mama watoto, na kama roketi yenyewe haipo?"

"Wewe ndiye ulitakiwa kuuliza swali hilo Krismasi," nilimjibu, "tena ulitakiwa umwulize kaka yako." Hakuniuliza tena. Alikwenda kuniletea kuni za kupikia pombe, bila kuambiwa, na mimi nikaelewa.

Maana pombe ilihitajika. Mzee kama shemeji hawezi kutoka akalale nchi nyingine kama mtu anakwenda dukani. Lazima wazee wamuage. Wanakaa, wanakunywa, mmoja anaomba na wengine wanaitikia, wanamwombea njia iwe laini na mdomo wake urudi salama. Kanisani tulikwenda pia, nisisingiziwe, lakini wazee wangekaa na neno kama wasingeaga. Nilichukua mtama niliokuwa nimeuficha kwa mwaka mbaya zaidi, nikauotesha, nikaukausha, nikausaga, nikapika. Nilipanga siku ya pombe nikihesabu kutoka siku ya roketi kurudi nyuma. Siku za njiani, siku moja ya kupumzika Arusha kwa ndugu yetu, basi pombe iive siku moja kabla ya kuondoka. Nilijisifu moyoni kwa hesabu hiyo. Mimi niliingia darasa la watu wazima nikiwa mama mzima, hesabu nilijifunzia pombe tangu zamani.

Chakula cha njiani nilipanga mwenyewe. Mahindi ya kukaanga, viazi vitamu vilivyokaushwa, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Shemeji alikuja kukagua mzigo. Alitaka kubeba kigoda chake, fimbo mbili, na mablanketi mawili.

"Shemeji, kule ni joto. Kijana anasema wanalala bila kujifunika."

"Wewe umekanyaga?"

"Sijakanyaga."

"Basi fungasha mablanketi."

Nikafungasha. Akauliza kama ni kweli maji ya bahari yana chumvi. Nikamwambia ndivyo wanavyosema. Akafikiri. "Yote?" "Yote." Akasikitika kabisa. "Na sisi tunahangaika kushusha ng'ombe mpaka Eyasi kulamba magadi. Mungu amemwaga chumvi yote mahali pasipo na ng'ombe."

Siku ya pombe wazee walikuja wote uani kwa shemeji, maana mwaka wa njaa hakuna anayekataa kikombe. Waliomba vizuri. Waliitikia kwa sauti moja mpaka mbwa wakanyamaza. Baba wa yule binti naye alikuja, akakaa mwisho, akanywa kidogo. Halafu shemeji akainuka, akachukua fimbo, akatoka uani kwake akiwa ameagwa, akaja kulala kwetu ili asubuhi tudake lori la vitunguu linalotoka Mang'ola kwenda Arusha.

Jioni hiyo hiyo dereva wa lori alipita kutuonyesha kwamba yupo, akanipa karatasi aliyopewa posta. Ilikuwa simu ya maandishi kutoka kwa kijana. Niliisoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno, nikiwa nimesimama barabarani. Roketi imesogezwa mbele. Msije bado. Subirini simu nyingine.

Nimepata mambo magumu zaidi ya hilo maishani. Lakini sikumbuki barabara ndefu kama ile ya kurudi kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu. Niliwasomea mume wangu na shemeji. Mume wangu akainama. Shemeji akasema taratibu, wala hakuwa na ubaya, "Unaona sasa."

"Naona nini?"

"Mtu mwenye shamba la kweli hakuambii usije leo, njoo kesho."

Ningemjibu nini? Mimi sikujua kwamba mambo ya roketi ndivyo yalivyo, kwamba upepo au waya mmoja unaweza kuisimamisha. Nilijua pombe. Pombe ikifika siku yake imefika. Nilikuwa nimepanga roketi kama pombe, na roketi haikuwa pombe.

Shemeji akainuka, akachukua kigoda chake na mzigo, akaenda mlangoni. Hapo mlangoni akasimama. Alisimama muda mrefu, ameelekeza uso nje. Mimi nilielewa kabla ya mume wangu kuelewa. Kwa wazee wa ukoo wetu, mtu aliyeagwa kwa pombe na maombi harudi kulala kwake mpaka amekwenda na kurudi. Akirudi bila kwenda, ni kama amewarudishia wazee maombi yao mdomoni. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Na yeye ndiye mlinzi wa desturi zote.

"Shemeji," nikamwambia, "umeshaagwa."

"Najua nimeagwa!"

"Basi karibu ndani. Nitaongeza maji kwenye ugali."

Alikaa kwetu siku zote hizo za kusubiri, na nyumba yake ikiwa hapo juu, moshi wake unaonekana, jogoo wake anasikika. Ugali wa njano aliuchukia, akaula. Habari ilienea kabla ya jua kupanda. Wanawake waliokwenda kisimani walipita njia ndefu makusudi ili wapite kwetu. Na mkewe! Kila asubuhi alikuja mpaka kwenye uzio wetu, anaegemea, anaita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

"Mzee wangu! Mmeshafika Mombasa?"

"Nenda zako, mwanamke!"

"Bahari ikoje huko?"

"Nimesema nenda!"

"Nikuletee blanketi la tatu? Nasikia Mombasa baridi!"

Watu walicheka, mimi mwenyewe mara moja nilimpa mgongo ili nisionekane nacheka. Lakini ndani sikucheka. Watoto sasa walikuwa wanaimba, Bwana Mwezi kasema kesho, na baba wa binti nilisikia ameshapokea wajumbe wa mtu mwingine, mtu mwenye ng'ombe, kutoka upande wa Mbulu. Amewaambia wasubiri kidogo. Kidogo maana yake ni mpaka aone shemeji atasema nini. Kama shemeji angerudi nyumbani kwake bila kuondoka, binti angekuwa ameshakwenda.

Siku moja jioni shemeji aliniambia, "Nikienda tu Arusha nikarudi, nitakuwa nimekwenda na kurudi. Desturi haisemi umbali."

Nilikuwa nachuja maziwa. Sikuacha. "Waliomba wakitaja bahari," nikasema. "Ulikuwepo. Uliitikia."

Akanitazama. Nafikiri siku hiyo ndiyo alinipima. Akasema, "Ndugu yangu alioa mwanamke mgumu."

"Alioa mwanamke mwenye mtoto wa kumtetea."

Simu ya pili ilipofika ikisema njooni, hatukungoja pombe wala maombi. Alfajiri tulikuwa juu ya vitunguu. Mume wangu alimpandishia kaka yake kigoda, akaniambia mimi, kwa sauti ndogo, "Mwambie kijana baba yake anamsalimu." Nikamjibu kwamba salamu hiyo nitaifikisha, na nyingine aitoe mwenyewe kijana akija.

Njiani sitasimulia sana. Shemeji alishika fimbo zake mpaka Moshi, kama mtu anayelinda zizi. Pale mpakani, upande wa Taveta, askari alituuliza tunakwenda wapi na mablanketi yote hayo. Shemeji akasema, "Kutazama kesi." Askari akatazama karatasi za balozi wetu wa nyumba kumi, akatazama kigoda, akatuacha.

Kijana alitupokea Malindi. Alikuwa amekonda. Alimwamkia baba yake mkubwa kwa heshima zote, akapokea kigoda, akakibeba yeye. Hawakuongea habari ya Krismasi. Alitupeleka kwenye kijiji kidogo mbele zaidi, pale wafanyakazi wanapolala, na kila tulipopita watu walimwita fundi. Fundi, umepata wageni? Fundi, huyo ndiye mama? Shemeji alisikia. Hakusema kitu, maana aliahidi hatasema alichosikia. Blanketi moja nilimwona amelikunja analifanya mto. Nililiona, nikaliacha lipite.

Asubuhi ya roketi tulikuwa ufukoni na watu wengi, wavuvi, wanawake, Wazungu wachache wenye kofia. Mafundi kama mwanangu walikuwa wametolewa kule juu ya chombo, kwa hiyo alikuwa amesimama nasi. Chenyewe kilikuwa mbali ndani ya maji, kidogo, kimesimama kwa miguu.

Shemeji alikinga macho kwa mkono. "Hilo ni dungu," akasema, "la kukaa juu kufukuzia nyani shambani."

"Ndilo hilo, baba mkubwa. Miguu yake imekwenda chini mpaka kwenye mchanga. Halielei. Limesimama."

"Limesimama chini."

"Ndiyo."

Shemeji akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeona nyayo za kwanza shambani. Akakaa kwenye kigoda chake, akatazama. Wengine walikuwa wanaongea, wanakula. Yeye hakuondoa macho. Kijana aliuma midomo. Nikajua anaogopa isije ikasogezwa tena. Na mimi niliogopa hilo hilo. Sikuogopa moto wala bahari. Niliogopa tu kupanda tena juu ya vitunguu bila kitu.

Halafu chini ya lile dungu ukatoka moto mweupe. Hakukuwa na sauti. Moto tu, na moshi unatambaa juu ya maji, na katikati yake kitu chembamba kikainuka. Mwanzo kiliinuka polepole, kama mwanamke anavyoinuka na mtungi kichwani, kisha kikashika mwendo, na hapo ndipo sauti ikatufikia. Ilinipiga hapa kifuani. Watoto wakalia, ndege wote wa pwani wakaondoka. Shemeji alikuwa amesimama, kigoda kimepinduka. Alisema kwa lugha yetu lile neno wanaume wanalosema dume likivunja zizi. Silitafsiri. Alikifuata kwa macho mpaka hakuna kitu tena ila mstari wa moshi unaopindwa na upepo, na bado akaendelea kutazama.

Mimi sikutazama mpaka mwisho. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amesimama wima kuliko nilivyomwona tangu amezaliwa. Mimi ni mtu nisiyesifu watoto mbele ya uso wao. Siku ile nilimwambia, "Umefanya kazi." Akacheka, machozi yakamtoka, nikamwambia ajipanguse kabla baba yake mkubwa hajageuka.

Shemeji alipogeuka alimwita kwa fimbo.

"Wewe ulichomelea wapi pale?"

"Ngazi, baba mkubwa. Na vyuma vya miguuni. Chumvi inavila, kila mara tunavirudia."

"Basi roketi hukuitengeneza wewe."

"Sikusema nimeitengeneza. Nilisema natengeneza pale inaposimama."

Nilimwona shemeji anarudi na akili mpaka Krismasi, kwenye ua wake, anatafuta neno kwa neno. Mwisho akasema, "Ni kweli. Hivyo ndivyo ulivyosema."

Tuliporudi hakuingia kwake mpaka wazee wamekusanyika. Safari hii hapakuwa na pombe, mtama ulikuwa umekwisha, walikunywa chai ya rangi. Akasimama akasema kama anavyosema mashauri yote. "Nilisimama mahali fulani, bahari iko mbele yangu. Niliona dungu la chuma, limesimama kwa miguu. Niliona moto. Niliona kitu kinatoka juu yake kinakwenda juu." Mzee mmoja akamkatiza, "Kikafika wapi?"

"Sijui. Sikuona kinafika. Niliona kinaondoka."

"Mwezini?"

"Nimesema sikuona! Unataka niseme ya kwenye redio?"

Na hapo ndipo walipomwamini. Angesema kilifika mwezini wangemcheka. Baba wa binti alikuwepo, akasikiliza yote, akaondoka bila kuaga.

Sasa kwa wazee wetu, aliyemwita mtu mwongo hadharani na ikaonekana sivyo, anatoa kondoo jike. Siku mbili baadaye, giza linaingia, nilisikia mlio nyuma ya nyumba. Ni shemeji, amekuja kwa njia ya bondeni, ile ya nyuma, amemshika kondoo kwa kamba. Mnyama mzuri, mnene kwa mwaka ule.

"Shemeji, huyu ni wa kijana. Mfungie ndani."

Mume wangu alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kamba. Nikamwambia aache.

"Shemeji," nikasema, "ulimwita mwongo mchana au usiku?"

Akaivuta kamba ya kondoo karibu.

"Mchana, watu wamejaa. Basi kondoo huyu simpokei gizani. Mrudishe. Kesho kutwa ni mnada. Mlete asubuhi, kwa njia kuu."

Mume wangu akasema, "Mama watoto, ni kaka yangu." Halafu akamtazama kaka yake, akasema jambo nililolisubiri karibu mwaka mzima. "Lakini anasema kweli. Mlete asubuhi."

Shemeji akamgeuza kondoo, akarudi naye bondeni. Nilidhani nimevunja ukoo. Sikulala vizuri, nakiri.

Siku ya mnada watu walikuwa wanashuka tangu mapema, na punda, na mbuzi, na magunia. Nilisimama mlangoni kwangu, nimevaa kanga niliyoivaa Malindi. Nikamwona shemeji anatoka kwake, kwa njia kuu, amevaa koti lake la kanisani, kondoo mbele yake. Kila aliyekutana naye alimwuliza, na yeye kila mmoja alimjibu, tena kwa sauti, hakuna aliyemruka. Alipofika kwenye uzio wa baba wa binti, yule baba alikuwa amesimama hapo, ameshika lango.

"Mzee, kondoo wa nini huyo? Unauza?"

"Siuzi. Wa mtoto wa ndugu yangu. Nilimwita mwongo, nimekwenda nikaona, si mwongo. Wewe ulikuwa na maneno naye?"

Yule baba akatazama kondoo. Akatazama chini, kwangu. Halafu akafungua lango, akatoka, wakashuka wote wawili mpaka kwenye mlango wangu, kondoo akiwa katikati. Nikasogea pembeni wapite.